Mgonjwa Si Karatasi: Utafiti wa Afya ya Msingi na Swali la Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tangu mwaka 2003 wanafunzi wa tiba wa Makerere wamekuwa wakipelekwa vijijini kusomea huko sehemu ya masomo yao. Vyuo vingine vya tiba nchini navyo vina utaratibu wa namna hiyo. Wanafikia katika vituo vya afya vya daraja la tatu na la nne, wanazunguka nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya wa kijiji, na mara nyingi mkononi wana fomu za maswali. Mama wa Iganga, Tororo au Rakai anaulizwa amezaa watoto wangapi, waliokufa ni wangapi, wanalala chini ya chandarua au la, choo kiko wapi. Pengine anatobolewa kidole, damu inachukuliwa. Anajibu yote kwa adabu. Kisha wageni wanapanda gari na kurudi Kampala.

Makala haya yanauliza swali moja: huyo aliyeondoka na majibu anadaiwa nini na yule aliyebaki kijijini? Na nyuma ya swali hilo kuna lingine zito zaidi. Je, inafaa kumfanya mgonjwa kuwa njia ya kupata elimu ambayo huenda itamfaa mtu mwingine, wala si yeye?

Msidhani ni swali la wanafunzi wa tiba peke yao. Wapo kati yetu wanaosoma takwimu, sosholojia, uuguzi, famasia, ualimu. Wengi wataandika tasnifu kuhusu watu. Na wengi, wakishamaliza, ajira yao ya kwanza hapa Kampala itakuwa katika mradi wa utafiti wa afya.

Al-Razi na kundi alilolirudisha nyuma

Swali hili halikuletwa na wafadhili wa kigeni. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefanya kazi Rayy na Baghdad, alitaka kujua kama kumtoa mgonjwa damu kunasaidia katika ugonjwa wa uvimbe wa utando wa ubongo. Katika maandishi yake, ambayo wanafunzi wake waliyakusanya baada ya kufa kwake katika kitabu kiitwacho al-Hawi, anaeleza kwamba kundi moja la wagonjwa alilitoa damu, na kundi jingine aliliacha kwa makusudi bila kulitoa, ili apate kulinganisha.

Tunapenda kulitaja jambo hilo kwa fahari, kwamba Waislamu walitangulia. Ni sawa, lakini tusimame kidogo kwenye neno “kwa makusudi”. Al-Razi aliamini kuwa kutoa damu ni dawa, na bado akawaacha wengine bila dawa hiyo. Je, aliwadhulumu?

Leo tunajua kwamba kutoa damu hakutibu ugonjwa huo, na kwa hiyo huenda walioachwa ndio waliosalimika. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu yeye hakulijua wakati ule. Jibu lenye nguvu zaidi ni kwamba hakuwa na yakini. Tabibu anayetoa dawa ambayo hajui kama inafaa naye anafanya majaribio juu ya watu. Tofauti ni kwamba yeye haandiki, halinganishi, na hajifunzi kitu. Kosa lake linarudiwa kwa mgonjwa wa pili, wa mia, na wa elfu. Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Surat al-Israa ametukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, na akatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Katazo hilo linamgusa hata mganga wa kituo cha afya anayeandika dawa za antibayotiki kwa kila mtoto mwenye kikohozi kwa sababu tu ndivyo alivyozoea.

Kwa hiyo kuacha kutafiti si njia ya usalama. Imam al-Ghazali aliihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana kwenye elimu yenye vyeo na kuiacha tiba bila Waislamu wa kuifanya. Ikiwa kutibu ni fardhi ya jamii, basi kujua tiba ipi inafaa ni sehemu ya fardhi hiyo. Na sehemu kubwa ya wagonjwa wetu hawafiki Mulago. Wanaishia kwenye kituo kidogo chenye mkunga mmoja na kabati la dawa. Elimu isiyofika kwenye kabati lile inawafaa wachache.

Mulago, 1997

Tuangalie mfano wa hapa kwetu. Mwaka 1994 ilijulikana huko Marekani na Ufaransa kwamba dawa ya zidovudini, ikitolewa kwa miezi wakati wa ujauzito, kwa dripu wakati wa uchungu, na kwa mtoto kwa wiki sita, inapunguza kwa takriban theluthi mbili hatari ya mama kumwambukiza mtoto VVU. Lakini mpango ule ulikuwa ghali, na ulihitaji kliniki ambazo wanawake wetu wengi hawakuwa nazo. Watafiti wakataka kupata njia fupi na rahisi. Majaribio kadhaa barani Afrika na Asia yakapangwa, na katika mengi yao kundi moja la kina mama lilipewa vidonge vitupu visivyo na dawa.

Mwaka 1997 ukazuka ubishi mkubwa katika majarida ya tiba. Wakosoaji wa Marekani walisema: mnawezaje kuwapa wanawake wa Kiafrika kidonge kitupu wakati dawa inajulikana? Kwenu msingeruhusu. Daktari Edward Mbidde, aliyekuwa akiongoza kamati ya Uganda ya utafiti wa UKIMWI, aliwajibu kwa ukali kwamba huu ni utafiti wa Waganda, unaofanywa na Waganda, kwa ajili ya Waganda, na kwamba wenye kuamua ni wale wanaoijua hali ya nchi.

Mwaka huohuo, Novemba, ulianza Mulago utafiti uitwao HIVNET 012. Ulilinganisha nevirapini, yaani kidonge kimoja kwa mama wakati wa uchungu na dozi moja kwa mtoto, na zidovudini ya muda mfupi. Mwanzoni ulikuwa na kundi la tatu la kidonge kitupu, lakini mapema 1998, baada ya matokeo kutoka Thailand kuonyesha kuwa zidovudini ya muda mfupi inasaidia, kundi hilo lilifutwa. Kina mama zaidi ya 600 waliendelea. Matokeo yalichapishwa 1999: nevirapini ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na dawa ile nyingine. Ilikuwa dawa rahisi ambayo mkunga wa kituo kidogo angeweza kuitoa. Baadaye yalitokea malalamiko kuhusu utunzaji wa kumbukumbu za utafiti huo, na mwaka 2005 jopo la taasisi ya tiba ya Marekani lililoupitia lilisema matokeo yake ni ya kutegemewa. Leo dawa bora zaidi zimeshika nafasi, lakini watoto wengi walizaliwa salama kwa sababu ya kidonge kile.

Nani alikuwa na haki katika ubishi ule? Mimi naona kila upande ulishika nusu ya haki. Wakosoaji walikuwa na haki kwamba umaskini wa mtu haumpunguzii heshima yake. Mwenyezi Mungu amewakirimu wanadamu wote, hakusema wenye bima. Mbidde naye alikuwa na haki kwamba swali la Mulago halikuwa sawa na swali la Boston. Dawa isiyoweza kumfikia mama haimfai kitu kwa kuwa ipo tu duniani, na mwenye nyumba ndiye ajuaye inapovuja. Lakini hoja yake ilikuwa na sharti ndani yake: kama utafiti ni kwa ajili ya Waganda, basi matunda yake yawafikie Waganda. Mtafiti anayesema “hali yetu ni tofauti” ili apate ruhusa, kisha akapeleka matokeo kwenye mkutano wa nje na kusahau kituo cha afya, ameitumia hali ya maskini kama kisingizio.

Rakai: siri ya mume, haki ya mke

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Mradi wa Rakai ulianza 1988, wakati wilaya ile ilikuwa imeshaonja UKIMWI kuliko karibu sehemu yoyote. Mwezi Machi 2000 watafiti wake walichapisha matokeo kuhusu wanandoa 415 ambao mmoja alikuwa na VVU na mwenzake hakuwa navyo. Walionyesha kuwa kadiri virusi vilivyo vingi katika damu ndivyo hatari ya kuambukiza inavyozidi, na kwamba pale virusi vilipokuwa chini ya 1,500 kwa mililita hawakuona maambukizi hata moja. Elimu hiyo ni miongoni mwa misingi ya mafundisho ya leo kwamba anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane haambukizi mwenzake. Mamilioni wamenufaika.

Lakini wanandoa 90 katika hao, yule aliyekuwa mzima aliambukizwa wakati utafiti unaendelea. Watafiti waliwapa watu ushauri nasaha, kondomu, na majibu ya vipimo kwa aliyeyataka, na waliwahimiza wenye VVU wawaambie wenzao. Wao wenyewe hawakumwambia mwenza, kwa kuwa taratibu za nchi zilitaka siri ya mtu ilindwe. Dawa za kupunguza makali hazikuwa zikipatikana Rakai wakati huo. Wako waliouliza: mtafiti anajua mume ana VVU, anajua mke hana, na kila baada ya miezi anakuja kupima damu. Je, anatazama tu?

Hapa mizani ya dini ina vitu viwili. Upande mmoja kuna kusitiri. Aliyemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri, na siri ya mgonjwa ni amana. Siri za wagonjwa zikivuja, kesho hakuna atakayekuja kupima, na madhara yatakuwa makubwa zaidi. Upande wa pili kuna kanuni kubwa ya fiqhi kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, na nafsi ni miongoni mwa yale ambayo sharia imekuja kuyalinda. Stara ya mume haikuwekwa iwe kaburi la mke.

Wanaotoa fatwa ni wanazuoni. Hapa tunafikiri tu pamoja. Lakini mimi naona hivi: siri inalindwa kwa sababu inalinda watu. Inapojulikana wazi kuwa inamuangamiza mtu maalumu, ambaye jina na nyumba yake vinajulikana, mzigo unahama. Mtafiti anapaswa kwanza kumhimiza mwenye siri, kumsaidia aseme, kukaa naye na mkewe pamoja. Akikataa kabisa, basi kumwonya aliye hatarini kuna uzito kuliko kunyamaza. Sheria ya Uganda ya kuzuia UKIMWI ya mwaka 2014 nayo ilifungua mlango wa mwenza aliye hatarini kujulishwa. Aliyekuwa Rakai katika miaka ya 1990 alifanya kazi chini ya taratibu nyingine, na si insafu kumhukumu kwa sheria ya baadaye. Lakini wewe utakayefanya utafiti mwaka ujao huna udhuru huo. Swali “nitafanya nini nikijua?” liwe limejibiwa kwenye andiko la utafiti wako kabla hujachukua tone la kwanza la damu.

Tohara, na matokeo tunayoyapenda

Katika matokeo yaleyale ya Rakai kulikuwa na jambo lililotugusa Waislamu. Wanaume 50 waliotahiriwa ambao wake zao walikuwa na VVU, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya wanaume 137 wasiotahiriwa, waliambukizwa 40. Na wengi wa waliotahiriwa Rakai ni Waislamu.

Ingekuwa rahisi kusimama kwenye mimbari na kusema: mmeona? Watafiti walifanya lililo bora zaidi, wakatia shaka. Waliuliza: huenda si tohara, huenda ni udhu na usafi, au kuacha pombe, au tabia nyingine za Waislamu. Hawakuweza kujua kwa kutazama tu. Basi wanaume 4,996 walihusishwa kwa hiari yao katika jaribio lililotumia kura: wengine watahiriwe mara moja, wengine wangoje miezi 24. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilishaonekana, na wale waliokuwa wakingoja wakapewa tohara. Hatari ilipungua kwa nusu au zaidi kidogo. Haikuondoka yote. Na utafiti mwingine wa Rakai, uliochapishwa 2009, haukuonyesha kuwa kumtahiri mwanamume mwenye VVU kunamkinga mkewe.

Kuna mafunzo mawili hapa. La kwanza, Surat al-Hujurat inatuamuru kuhakikisha habari, na habari inayohitaji kuhakikishwa zaidi ni ile tunayoipenda. Mtafiti Muislamu asiulainishe ushahidi kwa sababu unaisifu dini yake. Dini ya haki haihitaji takwimu za kubembelezwa. La pili, kijana anayesikia “tohara inakinga” na kudhani amepewa kibali cha zinaa hakuielewa dini wala hakuielewa sayansi.

Fomu zilizojazwa chini ya mwembe

Sasa turudi kwetu, kwenye mambo madogo ambayo hayafiki kwenye majarida.

Msaidizi wa utafiti ametumwa kuhoji nyumba 20. Jua ni kali, bodaboda amedai nauli zaidi, nyumba ya kumi na mbili ipo ng’ambo ya kinamasi. Anakaa chini ya mwembe na kuzijaza fomu tisa zilizobaki kwa kubuni. Anajiambia kuwa ni namba tu. Lakini fomu ile ni ushahidi: inasema, “nilikwenda, nikauliza, nikajibiwa hivi.” Ikiwa hakwenda, huo ni ushahidi wa uongo, na Mtume (S.A.W.) aliutaja ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa. Tena uongo huu una madhara ya mbali. Namba zile zinajumlishwa, zinapelekwa wizarani, na kwa hizo huamuliwa dawa gani iende wapi. Mtoto anayekosa dawa kwa sababu ya fomu za chini ya mwembe hatamjua aliyemdhulumu. Mwenyezi Mungu anamjua.

Hivyo pia mtafiti anayeficha matokeo yasiyopendeza. Huko Tororo uliwahi kufanywa utafiti mkubwa wa kuboresha vituo vya afya vya serikali: wahudumu walifundishwa kutibu homa na kutumia vipimo vya haraka vya malaria, na dawa zikaongezwa. Kila mtu alitarajia watoto wa vijiji vya jirani wawe na afya bora kuliko wa vijiji vingine. Upungufu wa damu kwa watoto haukuonyesha tofauti ya maana. Watafiti walichapisha hivyohivyo. Huo ndio uaminifu. Aliyeambiwa kuwa mafunzo peke yake hayatoshi ameokolewa asitumie fedha za umma bure.

Na ridhaa nayo iangaliwe. Mama anayeweka kidole gumba kwenye fomu baada ya kusomewa kurasa sita kwa Kiingereza kilichotafsiriwa haraka hajaridhia, ametii. Amemwona muuguzi wa kituo amesimama pembeni, na anaogopa akikataa leo, kesho mtoto wake hatatazamwa. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na kamati za maadili zimeweka masharti mazuri, lakini kamati haipo pale kijijini. Upo wewe. Mwambie kwa Luganda, Lusoga, Ateso au Kiswahili anachokielewa, kwamba anaweza kusema hapana na asipungukiwe kitu. Kisha akisema hapana, mshukuru na uende.

Nia na mshahara

Kuna ndugu wanaouliza: je, ni vibaya kuchagua kazi ya utafiti kwa sababu mradi unalipa vizuri kuliko hospitali ya serikali? Riziki ya halali si aibu. Aliye na wazazi wa kusaidia na wadogo wa kulipia ada ana haki ya kutazama mshahara. Tatizo linakuja pale wauguzi na madaktari wazuri wa kituo wanapohamia wote kwenye chumba cha mradi chenye feni na kompyuta, na mlango wa pili foleni ya wagonjwa inabaki na mtu mmoja. Utafiti unaohusu huduma ya msingi ukaidhoofisha huduma yenyewe umekata tawi ulilolikalia. Mwenye kuingia katika njia hiyo ajiwekee sharti: siku zake kadhaa ziwe za kuwahudumia watu, na mradi wake uache kitu kituoni, iwe ni mtu aliyefundishwa, kipimo, au daftari lililopangwa vizuri.

Na wewe mwenye tasnifu ndogo ya mwaka wa mwisho, usijidharau. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa amali zisizokatika mtu akifa, na yeye mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na elimu isiyonufaisha. Tasnifu iliyopata alama nzuri kisha ikalala kwenye rafu ya maktaba ipo karibu na aina ya pili. Andika ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi, panda teksi urudi kwenye kituo kile, umpe mkuu wa kituo na mwenyekiti wa kijiji. Waambie: haya ndiyo mliyotuambia, na haya ndiyo tuliyoyaona. Surat an-Nisaa inatuamuru kuzirudisha amana kwa wenyewe. Majibu ya yule mama ni amana, na mwenyewe anajulikana anapokaa.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Inafaa kujifunza kutoka kwa mgonjwa, na wakati mwingine ni wajibu, kwa masharti kwamba hatujui bado kilicho bora, kwamba ameridhia kweli, kwamba hatumwachi adhurike huku tukitazama, kwamba tunasema kweli hata isipotupendeza, na kwamba tunarudi. Likikosekana moja, tumemfanya mtu kuwa karatasi. Kamati ya chuo huenda isilijue hilo, lakini tutaulizwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, nia safi, na ujasiri wa kurudisha amana. Wallahu a‘lam.

Wabillahi tawfiq.